Wasafiri wa Salenda wasiohitaji viza

HEBU nikuulize swali la kizushi, mpenzi msomaji. Wewe unayeingia mjini kila asubuhi kwa njia ya Salenda, ukifika pale darajani huwa unatazama wapi?

Usinijibu, najua. Unatazama simu. Ukichoka na simu unatazama foleni. Na kama umebahatika kukaa dirishani upande wa baharini, unalitazama lile Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, kilometa moja na kidogo juu ya maji, kutoka upande wa Aga Khan mpaka kule kuelekea Coco Beach, halafu unajisemea, "Bongo nayo imepiga hatua!" Basi, imetosha. Kule chini kwenye tope hata jicho la wizi hutupi.

Sikulaumu hata chembe. Mimi nimezaliwa Kinondoni, nimeivuka Salenda tangu nikiwa mgongoni, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa najua ndege wa aina mbili tu: kunguru, na ile ya chuma inayotua Kipawa.

Leo nataka nikushushe kwenye daladala. Vua viatu, kunja suruali, twende zetu kwa miguu. Usihofu, safari hii haina nauli.

NJIA YENYEWE

Njia yangu naianzia hapo hapo darajani, mahali ambapo Mto Msimbazi unaingia baharini baada ya kupita Jangwani na kuzoa kila ambacho sisi wakazi wa jiji tumekitupa. Daraja lina jina la Bwana Selander, mkurugenzi wa kazi za umma wa zama za Mwingereza, ila ulimi wetu ulishalibatiza zamani: Salenda. Nashuka ufukweni, mikoko naiacha nyuma, naipita Aga Khan, naifuata Ocean Road. Barabara hiyo tangu mwaka 2013 inaitwa Barack Obama Drive, baada ya ziara ya rais huyo wa Marekani, lakini mwambie bodaboda akupeleke Ocean Road uone kama atauliza ni wapi.

Naendelea hivyo hivyo na bahari mkono wa kushoto mpaka nakaribia Feri, ambako harufu ya samaki wa kukaanga inanikumbusha kwamba sijanywa chai. Hapo nakata kuingia mjini, kwenye duka la stesheneri ninakochapa barua za watu na kutoa fotokopi ili mkono uende kinywani. Hizi makala ninazokuandikia, ndugu yangu, ni za kuongezea chumvi tu.

Darubini sina. Na hata ningekuwa nayo, njia hii inapita karibu na Ikulu, na wewe ni mtu mzima, unajua kuna majengo ambayo huyaelekezei darubini halafu ukasema nilikuwa natazama ndege. Natumia macho haya haya niliyopewa na Mungu, pamoja na kitabu cha ndege cha mtumba nilichokipata kwenye vile vitabu vinavyopangwa chini kule Posta. Jalada hakina, lakini picha zake zote zipo.

Nilianza kutembea mwezi wa nne mwaka jana. Sababu nitakwambia tukifika mbele, maana si ya kujisifia.

MZEE WA CHAMBO

Somo la kwanza la pwani ni kwamba saa ya mkononi haina kazi. Mwenye kazi ni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na pale Salenda bahari inarudi nyuma ikakuachia uwanja wa tope na mchanga mpaka unajiuliza maji yote yamekwenda wapi. Kila siku inayofuata kupwa kunachelewa kama dakika 50. Siku za maji mafu ndiyo bahari inakuwa mvivu, haiendi mbali wala hairudi kwa kishindo.

Haya sikuyasoma darasani. Kanifundisha mzee mmoja ambaye huchimba chambo pale, ile minyoo ya baharini ya kuvulia samaki, ndoo mkononi na kofia ya ukindu kichwani. Siku ya kwanza nilimpita kama nimepita nguzo ya umeme. Siku ya pili nikajirudi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Jana uliniona gogo?"

Tangu siku hiyo namwamkia nikiwa bado hatua ishirini.

Huyu babu ndiye aliyenionyesha sululu, ndege wa rangi ya udongo mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini kama mundu. Ukimtazama unaweza kudhani ameumbwa kwa makosa, mpaka umwone anavyouchomeka huo mdomo kwenye shimo la kaa. Shimo limepinda, mdomo umepinda, kaa hana pa kujitetea!

Wale wadogo wadogo wote babu anawaita vitwitwi, mambo yamekwisha. Lakini ukikaa nao unaona kila mmoja ana tabia yake. Yupo mweupe mweupe ambaye anakimbizana na wimbi kama mtoto wa shule: wimbi likirudi anakimbilia chakula, likija anatimua mbio asiloe. Yupo mwingine mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu, miguu ya njano, anakimbia ameinama akifukuza vikaa kama kondakta anayemfukuza abiria aliyekwepa nauli.

Wapo na yangeyange wa pwani, hawa ni wenyeji, hawaendi kokote. Wengine ni weupe pee, wengine weusi wa majivu, na wote ni aina moja. Nilimbishia babu kwa wiki nzima, mpaka kitabu cha mtumba kikaja kumpa ushindi.

Lakini ndege wangu mimi ni mmoja. Ana miguu mirefu, kichwa na tumbo vyeupe, mgongo mweusi, mdomo mweusi mnene kama koleo. Chakula chake kikubwa ni kaa. Mimi nimempa jina la Juventus, kwa sababu ya jezi. Hawa huja kundi dogo, wanasimama pamoja kwenye ukingo wa maji wakiwa wamenuna kama wazee wa baraza.

Sasa sikiliza habari zao. Juventus huyu anazaliana kwenye visiwa na fukwe za Ghuba ya Uajemi, Omani, Bahari ya Shamu na pande za Somalia. Ndege wengine wa ufukweni wanataga juu ya ardhi. Yeye anachimba pango mchangani, anataga yai moja tu jeupe humo ndani, na joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Mtoto akishakua wanakuja naye huku kwetu, na huku bado analishwa. Nimemwona kwa macho yangu mwezi wa kwanza, li-mtoto likubwa karibu sawa na baba yake, limeinama linalialia lipewe kaa. Nilicheka sana. Halafu nikakumbuka kwamba nami nina miaka 24 na asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa uji wa mama.

MWEZI WA TATU

Kule kwa wenzetu wa kaskazini ya dunia, mwezi wa tatu ndipo majira ya kuchipua yanapoanza. Theluji inayeyuka, majani yanatoka, watu wanaacha makoti. Sisi huku ni kinyume: joto la kaskazi linatubana mpaka jasho la mwisho, halafu masika inapiga hodi. Hatuna majira ya kuchipua. Lakini pale Salenda nimeyaona yakianza.

Wiki ya pili ya mwezi huo niliona kitwitwi mmoja kifua kimeingia madoa ya rangi ya tofali. Nikadhani amejipaka tope. Baada ya siku chache wakawa watatu, kisha kumi. Hawa ni wale wenye mdomo mwembamba uliopinda kidogo, ambao miezi yote walikuwa na rangi ya kijivu isiyo na mvuto. Sasa wanabadilisha manyoya, wanavaa nguo za harusi. Mwingine mnene kidogo, ambaye alikuwa na tumbo jeupe, akaanza kuvaa nyeusi kuanzia mashavuni mpaka tumboni, utafikiri kapakwa masizi.

Harusi yenyewe iko wapi? Siberia, bwana! Kitwitwi huyu wa rangi ya tofali anakwenda kuzaliana kaskazini kabisa ya Urusi, kwenye nchi tambarare isiyo na miti, karibu na bahari ya barafu. Ukipima kwa mstari ulionyooka ni kama kilometa 9,000 kutoka Dar es Salaam. Mwezi wa sita kule jua halizami, wadudu wamejaa, na watoto wanakula mchana na usiku.

Na mwenyewe ana uzito gani? Gramu 60 hivi, yai la kuku. Lakini kabla ya safari anakula mpaka hupita gramu 80, na hicho kinachoongezeka zaidi ni mafuta. Hayo ndiyo petroli yake. Wataalamu wamegundua kwamba baadhi ya ndege wa ukoo huu, kabla ya safari ndefu, wanapunguza hata ukubwa wa tumbo na ini, ili wasibebe mzigo usio na kazi angani. Mwaka 2022 ndege mmoja wa ukoo huo huo, mtoto wa miezi mitano tu, aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania huko Australia, kilometa 13,560 kwa siku 11, bila kutua, bila kula, bila kunywa. Alikuwa amefungwa kifaa cha kupimia, kwa hiyo hizi si stori za kijiweni.

Kwa hiyo lile tope tunalolipita tukiwa tumeziba pua ni kituo cha mafuta. Ukiona kitwitwi ameinamisha kichwa kutwa nzima bila kupumzika, usidhani ni mroho. Anajaza tangi.

CHANDIMU

Asubuhi moja ya mwishoni mwa mwezi wa tatu, maji yamekupwa vizuri, nilikuta vijana wa mtaani wanacheza chandimu pale kwenye mchanga mgumu, katikati ya ndege. Mpira ukitoka, anayeufuata anawatimua ndege kusudi, wanapaa wote kwa pamoja, wanageuka angani kama kitambaa, weupe, weusi, weupe, halafu wanatua mbele kidogo. Ilikuwa burudani. Mimi nikasimama nacheka, na mara moja nilipiga makofi ili wapae tena.

Babu wa chambo hakucheka.

"Hesabu," akaniambia.

"Nihesabu nini babu?"

"Wanavyopaa. Hesabu mpaka nijaze hii ndoo."

Nikahesabu. Mpaka ndoo inajaa, ndege walikuwa wamepaa mara tisa.

"Kila wakipaa wanachoma walichokula," akasema. "Wanatua, wanaanza upya. Hawa wako safarini, mjukuu wangu. Safari haianzi siku ya kuondoka."

Akachukua ndoo yake akaenda zake. Mimi nikabaki pale, na kile kicheko kikanikauka mdomoni, kwa sababu kilichonijia akilini hakikuwa ndege.

Sasa ile sababu niliyokuahidi.

Nina dada yangu mkubwa. Ndiye aliyeninunulia madaftari, ndiye aliyenilipia tuisheni mpaka nikamaliza kidato cha nne, ndiye aliyekuwa akigawana na mama kodi ya nyumba. Mwaka jana mwanzoni alipata kazi za ndani Muscat, Omani, mkataba wa miaka miwili. Mama alilia, akasali, akakubali. Mimi nilinuna. Moyoni nilikuwa nauliza nani atabaki na mama, nani atabaki na mimi, lakini hayo sikuyasema. Nilisema mengine. Chai haina sukari. Redio iko juu. Kwa nini unatumia ndoo yangu. Kila alichoshika nilikitafutia kosa.

Wiki mbili kabla ya safari nilichukua pasipoti yake nikaificha kwenye begi langu la zamani la shule, katikati ya daftari la Jiografia.

Sikukusudia aikose safari, au labda nilikusudia, sijui. Nilitaka tu kila kitu kisimame kidogo. Siku mbili dada alipindua nyumba nzima. Alitoa magodoro nje, alimwaga nguo, alitoa hata majivu jikoni. Hakula. Usiku nilikuwa namsikia anageuka geuka kitandani upande wa pili wa pazia. Siku ya tatu, alipokuwa anajiandaa kwenda polisi kuandikisha kwamba imepotea, nikajifanya nimeiona nyuma ya kabati.

Unajua alifanya nini? Alinikumbatia. Jioni akaniletea chipsi mayai.

Nilizila zote. Na mwezi wa nne akaondoka amekonda, gauni la safari linamwelea. Kesho yake ndiyo nikaanza kutembea, maana nyumbani mama alikuwa ananitazama na mimi nilikuwa siwezi kumtazama.

KIMYA CHA SIKU MBILI

Sasa unaelewa kwa nini ile ndoo ya babu ilinichoma. Kumbe mtu anayejiandaa kuondoka ana kazi kubwa kuliko siku yenyewe ya kuondoka, na mimi nilimfanya dada yangu apae mara tisa kabla hajaanza safari.

Jioni ile nilimtumia ujumbe wa sauti. Nilianza na salamu, nikaenda kwenye hali ya mama, nikaenda kwenye bei ya unga, nikaenda kwenye ndege, nikazunguka weee, mwisho nikaitapika: dada, pasipoti niliificha mimi, nisamehe.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Mimi huku tumbo moto. Usiku wa siku ya tatu simu ikalia, sauti yake, anaongea taratibu kwa sababu watoto wa bosi walikuwa wamelala.

"Mdogo wangu, nyuma ya kabati nilikuwa nimeshapafagia mara tatu. Nilijua tangu siku ile."

Nikamuuliza sasa kwa nini aliniletea chipsi.

"Kwa sababu nilikuwa naondoka," akasema. "Ulitaka nikuache tumegombana?"

Halafu akanicheka. Halafu akaniambia nisimwambie mama.

Wiki iliyofuata alinitumia picha. Ijumaa walikuwa wamewapeleka watoto ufukweni, na kwa mbali kwenye ukingo wa maji kulikuwa na ndege. Picha yenyewe imetikisika, lakini mmoja ana mdomo uliopinda kama mundu. Sululu! Kama ni mmoja wa wale wa Salenda aliyepita akielekea kaskazini, au ni mwingine kabisa, sitaki kukudanganya. Lakini picha hiyo ndiyo iliyopo kwenye kioo cha simu yangu mpaka leo.

Na wale vijana wa chandimu? Niliwafuata kistaarabu.

"Oya washkaji, hivi hamuwezi kupandisha magoli huku juu, maji yakikupwa? Kwa wiki tatu tu."

"Kwani ndege wako, bro?"

"Si wangu. Ni wageni wetu."

Wakatazamana. Kumbe Bongo hakuna dili la bure: wakataka niwachapie ratiba ya ligi yao, nakala za kubandika mtaani. Nikakubali, karatasi nikalipia mwenyewe. Sitakwambia kwamba wamekuwa malaika. Kuna siku wanasahau. Lakini asubuhi nyingi nilikuta magoli yako juu, na kule chini vichwa vimeinama vinakula.

WANAONDOKA

Kuondoka kwenyewe nilikuona mara moja tu, katikati ya mwezi wa nne. Siku hiyo nilikuwa narudi kwa miguu jioni, zilikuwa siku za maji mafu, bahari imeanza kujaa polepole. Mvua ilikuwa imenyesha mchana ikakatika. Upepo ulikuwa umeshageuka, kusi imeanza.

Huu upepo wana wa pwani wanaujua. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni yalikuja kwetu na kaskazi, yakauza tende na mazulia, yakangoja, kisha yakarudi kwao na kusi. Ndege hawa wanafuata ratiba ile ile. Kusi inawasukuma mgongoni.

Vitwitwi wekundu walikuwa wamekusanyika kwenye mchanga uliobaki, na hawali. Hiyo ndiyo iliyonishangaza. Wanapigapiga mabawa, wanaita ita, wanapaa kidogo wanatua. Mara kundi moja likapaa na halikutua. Niliwahesabu wakafika kama arobaini. Wakazunguka mara moja juu ya tope, wakapanda, wakapanda tena, ile fujo yao ikajipanga ikawa mstari, wakapita juu ya Tanzanite kuelekea Msasani. Chini yao magari yamejaa darajani, watu wanakwenda makwao Masaki na Kawe, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Nilitazama mpaka macho yakauma. Nikajikuta nimeinua mkono nawapungia, jitu zima, peke yangu, nimesimama kwenye tope. Kama ulinipita siku hiyo ukadhani nimechanganyikiwa, nakusamehe.

WALIOBAKI

Sasa ni mwezi wa tano. Masika imemwaga maji, Msimbazi umeshusha chupa za plastiki na kandambili zisizo na wenzake, na tope limepungukiwa wageni. Kunguru wamebaki na mji wao. Hao nao, kwa taarifa yako, ni wageni: waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 eti wasaidie usafi. Wakahamia bara, na mpaka leo hawajaonyesha dalili ya kurudi.

Lakini usidhani wote wameondoka. Juzi niliwakuta Juventus wanne, na sululu wawili. Hawa ni vijana. Mwaka huu bado hawajakomaa kuzaa, kwa hiyo safari haina maana kwao. Wanabaki hapa hapa msimu mzima, wanakula, wanangoja zamu yao. Yule mtoto aliyekuwa akilialia mwezi wa kwanza sasa anatafuta kaa mwenyewe, na bado hajawa fundi. Wa kwanza kamkosa. Wa pili kamkosa. Wa tatu kampata.

Mimi nami nimeanza kulipa nusu ya kodi ya nyumba. Si kila mwezi, lakini nimeanza.

Wageni wataanza kurudi mwezi wa nane na wa tisa. Watatangulia wakubwa, wakiwa bado na mabaki ya ile rangi ya tofali. Watoto wao watafuata baadaye, peke yao, bila mzazi wala ramani, wakiijia nchi ambayo hawajawahi kuiona, na watatua pale pale Salenda. Mkataba wa dada yangu unaisha mwezi wa nne mwakani. Vitwitwi watakuwa wanaondoka, yeye atakuwa anarudi, na mimi nimeshamwambia kwamba kutoka Kipawa tutapitia ufukweni kabla ya kwenda nyumbani. Amesema sawa, mradi chipsi nitoe mimi.

Kama nawe unataka kuwaona, si kazi. Tazama mwezi, ngoja bamvua, fika pale saa tatu asubuhi maji yakiwa yanakupwa. Simu iweke mfukoni, mahali hapa si pa kuichezea, na si kwa sababu ya ndege. Ukimkuta mzee mwenye ndoo na kofia ya ukindu, mwamkie kabla hujamfikia. Na ukiniona mimi nimesimama kwenye tope nikihesabu kwa vidole, karibu sana, lakini zunguka kwa mbali kidogo.

Kuna watu wanakula pale.